Kupanda Bara, Kushuka Pwani: Hewa, Miji na Viwanja vya Ndege

Assalaam alaykum. Na kwa wasioitikia hiyo, hamjambo.

Kabla sijasema lolote, naomba chupa hii ipite mikononi mwenu kuanzia safu ya mbele. Tafadhali msiifungue. Ni chupa ya maji ya nusu lita, tupu, ya dukani. Jana asubuhi niliyamaliza maji yake kituoni Syokimau, kando ya Nairobi, nikakikaza kizibo nikiwa bado benchini, nikaitia mkobani nikapanda treni. Tulipopita Emali ilikuwa chupa kama chupa nyingine. Mtito Andei ikaanza kubonyea ubavuni. Karibu na Voi ikalia "pwa!" ndani ya mkoba, jirani yangu akanitazama kwa jicho la kuuliza. Nilipoteremka Miritini ilikuwa hivi mnavyoiona, mbavu zimeingia ndani kama ng'ombe wa kiangazi. Hakuna aliyeikalia. Imebanwa na hewa yenu ya Mombasa.

Walionialika walitaka niwaeleze kazi niliyoifanya Embakasi, uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikuwa rubani wala fundi. Nilikuwa mtu wa uzito. Kila ndege kabla ya kuondoka ina karatasi inayosema mafuta ni tani kadha, abiria ni kadha, mizigo ni kadha, na jumla isizidi kiasi fulani. Karatasi hiyo tuliiandaa sisi, nahodha akaitia saini. Kile "kiasi fulani" hakikai mahali pamoja. Asubuhi ni kingine, mchana ni kingine, Mombasa ni kingine kabisa. Ndicho kilichonileta hapa.

Nianze na kasha.

Ilikuwa Februari, saa nane mchana, jua la Nairobi ambalo sisi wa pwani hulidharau mpaka litubabue. Ndege ilikuwa ya kampuni ambayo jina lake halitatusaidia, safari ndefu. Tukapiga hesabu, tukapiga tena. Ikabidi mizigo kadhaa iteremshwe, ifuate na ndege ya usiku. Katika hiyo kulikuwa na kasha la mama mmoja wa Likoni aliyekuwa akienda kwenye arusi ya mjukuu wake. Ndani mlikuwa na halwa, achari na doti za kanga zisizohesabika. Akaambiwa akiwa langoni, kabla hajapanda. Akaja juu, nami nikaitwa nimweleze.

"Mwanangu," akasema, "abiria wenzangu nawaona hawa hapa, hawaijazi hata nusu ya ndege. Kasha langu limekosa nini?"

Nikamwambia, "Halikukosa kitu, mama. Hewa ndiyo haitoshi."

Akanikazia macho kitambo, kisha akasema, "Hewa ni ya Mungu. Wewe unaipimaje?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye haraka. Mama, kama umo humu ukumbini, jibu limechelewa lakini limekuja.

Sisi watu wa pwani lugha yetu ililijua jambo hili kabla ya vipimo. Hatusemi tu kwamba tunakwenda Nairobi, tunasema tunapanda bara. Na wa bara likizo ya Disemba wanashuka pwani, wanatujazia ufuo, wanarudi wameungua mabega. Reli ya zamani ikiondoka hapa kisiwani inapanda zaidi ya mita 1,600 kwa kilomita 530 hivi, na haipandi kwa vishindo. Unalala Mackinnon Road unaamka uwanda wa Athi, hujui saa ngapi ulipanda. Mwili wako haujui. Chupa ilijua.

Fikirini ghala la magunia ya sufi. Gunia la juu limefura. La chini kabisa limebanwa na yote yaliyo juu yake mpaka limekuwa kama mkeka. Hewa nayo imepangwa hivyo hivyo, na sisi wa Mombasa ni watu wa gunia la chini. Embakasi, mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi unayovuta ina hewa pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na pumzi ya hapa. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko juu ya mita 2,300, na upungufu unafika kama asilimia 20. El Alto kule Bolivia, mita 4,061, theluthi nzima ya hewa haipo.

Wapishi wanalijua hili bila kusoma fizikia. Maji ya Nairobi huchemka yakiwa nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo hata yakitokota vipi hayana ule ukali. Mke wangu ni mtu wa Lamu. Tulipohamia Nairobi alilaumu maharagwe, akalaumu makaa, akamlaumu mwenye duka, mpaka siku alipopata sufuria ya presha. Wanariadha nao wanalijua. Mwaka 1968 Olimpiki ilipofanywa Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200, Kipchoge Keino alimwacha Jim Ryun nyuma kabisa katika mita 1,500, na Naftali Temu akachukua dhahabu ya mita 10,000. Mapafu yao yalikuwa yamezoea gunia la juu. Siku zilezile Bob Beamon akaruka mita 8.90 katika mruko mrefu, rekodi iliyodumu miaka 23, naye hewa nyepesi ilimsaidia kidogo kwa kutomzuia. Hewa ileile iliwachosha wakimbiaji wa mbali na kumpisha anayeruka.

Ndege inamfanana nani kati yao? Ikishafika angani inamfanana Beamon, inapenda wepesi, ndiyo maana inapanda mpaka kilomita kumi na zaidi. Lakini ikiwa bado ardhini inataka kuinuka, ni mkimbiaji wa pwani aliyetupwa Mexico City.

Bawa hupata nguvu kwa kuishika hewa na kuisukuma chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Hewa ikiwa haba, bawa lazima lipite kwenye hewa kwa kasi zaidi ili lipate mshiko uleule. Embakasi kasi hiyo ni karibu asilimia 8 zaidi ya pwani. Mtasema asilimia 8 ni kitu gani. Lakini nishati ya kuifikisha ndege kwenye kasi hiyo haiongezeki kwa 8, inaongezeka kwa 17. Na injini inayodaiwa nishati hiyo inavuta hewa ileile pungufu, kwa hiyo nguvu zake nazo zimepungua. Ni kumwongezea hamali gunia siku uliyomnyima chakula cha mchana. Kisha kuna magurudumu, ambayo yana kikomo cha kasi kilichoandikwa na mtengenezaji, na kuna breki. Rubani akiona taa nyekundu akaamua kuacha kuruka, breki ndizo zinazoimeza ile asilimia 17 yote kama moto.

Hapo sijataja jua. Hewa ikipata joto inatanuka, na ikitanuka inazidi kuwa nyepesi, hivyo marubani wana miinuko miwili: ule wa kwenye ramani na ule ambao ndege inauhisi. Embakasi kwenye ramani ni mita 1,624 usiku na mchana. Lakini saa nane ya Februari, nyuzi 27, ndege inahisi kama iko karibu mita 2,450. Ramani ya Bole haifiki huko! Saa sita usiku, nyuzi 14, imeshuka chini ya mita 2,000. Uwanja ni uleule na lami ni ileile, na ndege imeshushiwa mlima wa karibu mita 500 kwa kungoja tu jua lizame.

Basi kasha la mama wa Likoni liliondoka usiku wa siku ile, na ndege ya usiku ikalibeba bila kulalamika.

Watu huniuliza kwa nini ndege nyingi za Ulaya hutoka Nairobi karibu na usiku wa manane. Sababu ya kwanza ni ya biashara: abiria alale njiani, afike asubuhi, aunganishe safari. Ya pili ni hiyo niliyoitaja. Sababu hizi mbili zinapatana vizuri, na huwa sioni haja ya kuuliza ipi ilitangulia.

Dawa nyingine ni lami. Njia ya kurukia ya uwanja wetu wa Moi hapa Mombasa, ulio kama mita 60 juu ya bahari, ina urefu wa mita 3,350, na Dar es Salaam wanatosheka na kama mita 3,000. Embakasi ni mita 4,117. Johannesburg, mita 1,694 juu ya bahari, wana njia ya zaidi ya mita 4,400. Na kule Tibet kuna uwanja uitwao Bamda, mita 4,334 juu, ambao njia yake ilijengwa kwa urefu wa kilomita tano na nusu. Mwende kwa miguu kutoka mwisho mmoja hadi wa pili, ni zaidi ya saa nzima, na kwa hewa ya kule mtapumzika njiani.

Dawa ya tatu ndiyo inayochukiwa, nayo ni kupunguza. Mliowahi kupanda ndege ndogo kwenda Maasai Mara mnakumbuka kuambiwa mzigo usizidi kilo 15, tena mfuko laini. Mkadhani ni uchoyo. Kule viwanja ni vya murram au nyasi, vifupi, na mwinuko unakaribia ule wa Embakasi. Kilo zako tano za ziada zinaweza kuwa ni kilo za mafuta ya kurudi.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo, maana mimi hupenda kuuliza nani alitutia katika hesabu hizi.

Wengi hudhani Nairobi ilichaguliwa kwa ajili ya baridi yake. Mwishoni mwa Mei 1899 reli ilipofika pale haikuwa inatafuta baridi. Ilikuwa inatafuta mahali tambarare pa kupanga mabehewa na karakana kabla ya kuukabili mlima wa Limuru na ukingo wa Bonde la Ufa. Maji yalikuwepo, Wamaasai walikuwa wamekwisha kupaita kwa jina la hayo maji baridi, na mbele ya pale hapakuwa na uwanda mwingine mpana. Nairobi ni mahali ambapo treni ilisimama ivute pumzi. Mji ukaota juu ya pumzi hiyo. Ardhi yenyewe ilikuwa kinamasi, weusi wa udongo mfinyanzi, maji hayaendi popote. Tauni ikazuka, mwaka 1902 mtaa wa biashara ukachomwa moto, na madaktari wakashauri mji uhamishwe. Haukuhamishwa. Miaka michache baadaye ukachukua makao makuu ya serikali kutoka hapa Mombasa. Nyinyi mnayajua hayo, mmekuwa mkiyanung'unikia tangu enzi za mababu.

Baridi iliingia baadaye, na ilipoingia iligawa watu. Wazungu wakachukua matuta ya magharibi na kaskazini, yenye udongo mwekundu unaokunywa mvua, Muthaiga, Lavington, Karen. Waafrika wakaachiwa uwanda wa mashariki, Pumwani, Kaloleni (ile ya Nairobi, si hii yenu), ambako maji ya kila tuta hushuka na taka zake. Tofauti ya mwinuko kati ya pande hizo si kubwa, na gari hulioni likihema. Lakini mvua inaiona. Hadi leo ikinyesha Nairobi, muulize mtu anakaa wapi kabla ya kumuuliza kama amefurika.

Ndege zilipokuja hazikutaka matuta. Zilitaka pale palipokataliwa. Mwezi wa Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani, Comet, ilianza safari za London hadi Johannesburg. Haikupita Nairobi. Ilitua Entebbe, kando ya ziwa, mita 1,150 hivi, ambako njia mpya ya lami ilikuwa imemalizika mwaka mmoja kabla. Nairobi ilikuwa bado inatumia uwanja wa Eastleigh. Ndipo kukachaguliwa uwanda wa Embakasi, tambarare, mpana, usio na kilima mbele ya pua ya ndege. Milima ya Ngong iko upande wa machweo, na ndege nyingi hupaa zikielekea mawio, upepo unakotoka. Uwanja ukafunguliwa mwaka 1958. Walioichimba ardhi ile kwa majembe na matoroli ni wafungwa wa Mau Mau. Nimeitembea lami ile miaka mingi nikiwa na karatasi mkononi, na si kila siku nililikumbuka hilo. Nalisema ili mlikumbuke nyinyi.

Mji uliuchagua mwinuko wake mara moja tu, mwaka 1899, kwa sababu ya treni. Uwanja unaulipia kila siku.

Na malipo yenyewe yana kinaya chake. Chukueni maua. Waridi la Naivasha, au la Nyandarua juu zaidi, lina kichwa kikubwa na shina refu kwa sababu ya mwinuko: usiku ni baridi, mmea haufanyi haraka, ua linajijenga polepole. Waridi la hapa pwani lingefunguka kabla hujalimaliza kulitazama. Kwa hiyo Kenya inauza baridi, imefungwa kwenye makaratasi. Halafu baridi hiyo inapelekwa Embakasi, na ndege ya mizigo inabeba maua pungufu ya uwezo wake, kwa sababu ya mwinuko uleule uliolikuza ua. Eldoret ni mfano mkali zaidi. Uwanja wake uko mita 2,100 na ushee, njia ni ya mita 3,500 hivi. Kwa macho ya pwani ni ndefu, kwa hewa ile ni fupi. Ndege kubwa ya mizigo inatua imejaa nguo na vifaa vya umeme, haina taabu, lakini kuondoka imejaa pamoja na mafuta ya kufika mbali ni hadithi nyingine. Ndiyo maana wakubwa wa kule wamekuwa wakidai njia irefushwe tangu ulipofunguliwa miaka ya tisini, na ndiyo maana maua ya upande ule hupakiwa kwenye malori yakaenda Embakasi. Mimi naona wana haki ya kudai. Ila lami ikirefushwa, shehena ya kuijaza itatoka wapi kila siku? Swali hilo silisikii likiulizwa kwenye mikutano.

Mji uliotuzidi kwa hesabu hizi ni Addis Ababa, nao ulikwisha kushuka mara moja. Mfalme Menelik alikuwa na kambi yake juu ya mlima Entoto, ambako unaona adui akija kutoka mbali, na ambako baridi inakung'ata na kuni zimekwisha. Chini kulikuwa na chemchemi za maji moto, Filwoha. Mkewe, Malkia Taytu, akazipenda, nyumba zikaanza kujengwa, na mwaka 1886 mji mpya ukapewa jina la ua jipya. Hata hapo kuni zikaanza kuisha, pakawa na mazungumzo ya kuhama tena, mpaka mikalitusi ilipoletwa ikamea haraka ikaokoa mji. Kwa hiyo Addis ilishuka kidogo, ikasimama. Haikushuka vya kutosha kwa ndege ambazo hazikuwepo.

Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian inayokwenda Washington haifiki moja kwa moja. Inatua njiani kuongeza mafuta, mara Roma, mara Dublin, mara Lomé, kisha inavuka bahari. Kurudi, ndege hiyohiyo inatoka Washington mpaka Addis bila kugusa chini. Upepo wa juu unachangia, maana mara nyingi unavuma kuelekea mashariki. Lakini jambo kubwa ni kwamba Washington iko chini na Bole iko juu, na kutoka Bole huwezi kuinuka umejaza mafuta na watu kwa pamoja. Kenya Airways ilipoanza safari ya New York mwezi wa Oktoba 2018, ilikwenda moja kwa moja, saa 15 hivi, kwa Dreamliner, yaani Boeing 787. Mita mia saba za tofauti kati ya Embakasi na Bole ziko ndani ya habari hiyo, pamoja na lami yetu iliyozidi na ile saa ya kuondoka, karibu na usiku wa manane. Wahabeshi hawakulala. Wameamua uwanja wao mkubwa ujao uwe karibu na Bishoftu, kilomita 40 hivi kutoka mjini, chini ya Bole kwa mita mia kadhaa. Mji unabaki juu, ndege zinashushwa.

Bolivia ndiko nilikokwenda kwa vitabu tu, sijaukanyaga, lakini kwa mtu wa uzito ni kama Makka ya kazi. Mabwana wa Airbus walipotaka kuijaribu ndege yao ya A350 mwaka 2014, waliipeleka huko makusudi, wakaihangaisha La Paz. Uwanja wa mji huo, El Alto, uko juu kiasi kwamba mambo hugeuka. Ndani ya ndege ya kawaida hewa huhifadhiwa kama ya mita 2,400, yaani kama umekaa Nyahururu. Dreamliner huishusha hadi kama mita 1,800, kama uko Karen. Kwingineko, ndege ikishuka hewa ya ndani huongezwa mpaka ilingane na ya nje. El Alto lazima ipunguzwe. Abiria anashuka kwa mwili, anapanda kwa mapafu, na mlango ukifunguliwa ndipo anatafuta mahali pa kukaa.

Na mji wa La Paz umejipanga kinyume na Nairobi. Kule tajiri yuko chini, bondeni, kusini, ambako kuna joto kidogo na hewa ya kutosha, na maskini yuko juu El Alto, mita 4,000 na zaidi, kwenye upepo. Tangu 2014 wameunganishwa na magari ya kamba yanayoning'inia juu ya mapaa. Nairobi baridi ni mali, La Paz baridi ni umaskini. Safari ndefu za ndege, zile za kuvuka bahari, kituo chake kikubwa si makao ya serikali bali Santa Cruz, mji wa nyanda za chini, mita mia nne hivi.

Naona mzee pale anatabasamu. Najua anafikiri nini: Santa Cruz ni Mombasa ya Bolivia, basi mbona ndege kubwa zote ziko Embakasi? Mzee wangu, ningependa kukupa jibu tamu. Wakati fulani ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Italia na Uingereza zilikuwa zikitua Mombasa zimejaa watalii na kuondoka zimejaa, mchana kweupe, na sisi watu wa uzito tuliziona ni raha kuzihesabia. Hewa ya pwani ni nzito, inabeba. Lakini ndege haifuati hewa peke yake. Inafuata ofisi, balozi, shehena ya maua na abiria wa kuunganisha kutoka Kigali na Lilongwe. Vyote hivyo vilikwisha kuifuata treni mwaka 1899. Hewa ingekuwa ndiyo inayoamua, makao makuu yangekuwa Kilindini mpaka leo.

Niseme pia la huzuni, maana kazi yetu si hesabu za kuchekesha tu. Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na lava ikapita katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, ikafunika sehemu kubwa ya njia ya ndege. Goma iko mita 1,500 na kitu. Ni mji ambao barabara zake ni kazi ngumu na ndege ni tegemeo. Kwa miaka iliyofuata ndege ziliendelea kuruka kwa kutumia kilichobaki cha lami. Hewa ya gunia la kati, njia ya gunia la chini. Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kupaa, ikapitiliza mwisho wa njia ikaingia mtaa wa Birere, sokoni, na wengi waliokufa hawakuwa abiria, walikuwa watu waliokuja kununua na kuuza. Mimi sikuwepo na siwezi kuamua makosa ya mtu. Ninachokijua ni kwamba kipande cha lami kilichokosekana kina kazi yake, na kazi hiyo ni siku ile moja ambayo kitu kimeharibika. Tangu hapo sikumwonea haya abiria aliyenikasirikia kwa ajili ya kasha.

Chupa imefika wapi? Imefika nyuma. Wewe kijana mwenye kanzu, ndiyo, wewe. Ulipoishika uliihisi vipi? Ngumu, eh? Ndani mwake mna Syokimau ya jana asubuhi, yenye ubaridi wake na upungufu wake, na Mombasa nzima inaisukuma iingie. Sasa inue juu wakuone. Nyamazeni kidogo jamani, na hilo feni naomba lizimwe. Fungua kizibo polepole, uisogeze karibu na maikrofoni.

Mmeisikia?